Velizar na Taa ya Ngazi

Velizar wa ghorofa ya chini alioka bureki, mikate yetu ya matabaka, maisha yake yote na hakuogopa tanuri, lakini mbele ya mwanamke alikuwa mwoga kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye jengo moja hapa mjini Niš. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alipanda kwa Ružica, mjane wa ghorofa ya tatu, na sinia la bureki ya nyama. Wakanywa kahawa, akaaga. Na kwetu kuaga ndiko kutembelea kwenyewe: mgeni kashavaa koti, mlango uko wazi, watu wanasimama ngazini mpaka miguu inakufa ganzi. Hapo ndipo Velizar alipotaka kumwomba Ružica waoane.

Shida ilikuwa taa. Ngazi zetu hazina dirisha, hata mchana ni giza totoro. Kila ghorofa ina kitufe, lakini kitufe chenyewe hakiwashi kitu. Kinapeleka habari tu kwa saa ndogo ndani ya sanduku la umeme kule chini, nayo saa huwasha taa za ghorofa zote kwa mpigo, huhesabu muda wake, kisha huzima. Ukibonyeza popote, inaanza kuhesabu upya. Momčilo, mwenyekiti wa jengo, bahili asiye na haya, alikuwa ameupunguza muda huo mpaka mtu ahitaji mbio kufika ghorofa inayofuata.

"Ružica, nilikuwa nataka..." Giza.

"Ulikuwa unataka nini?"

"Basi, Jumapili ijayo."

Kitufe kilikuwa nyuma ya bega la Ružica, na Velizar angekufa kuliko kumpitishia mjane mkono shingoni huku sote tunachungulia milangoni.

"Si ubonyeze wewe?" nilimuuliza Ružica siku moja.

"Nibonyeze mimi, ionekane namlazimisha? Wala gizani siambiwi, kwani tunaiba kuku? Nataka nimwone uso."

Jumapili moja nikamsikia Ružica anamwambia Velizar, "Binti yangu anakuja kesho kunichukua, nikaishi kwake mbali, Novi Sad, moja kwa moja. Kama hakuna wa kunizuia, nakwenda."

Mimi nakaa ghorofa ya pili. Nikatoka, nikachungulia juu kati ya vyuma vya ngazi. Velizar alikuwa anaitazama taa, anaisubiri izime! Nilipandwa na hasira. Nikabonyeza. Baadaye kidogo mtu wa ghorofa ya nne akabonyeza, halafu wa tano, kisha mimi tena.

"Mbona leo haizimi?" Velizar akauliza, jasho linamtoka.

"Sema, wewe mwanamume!" sauti ya Momčilo ikafoka kutoka chini, naye kidole kitufeni. "Umeme unaliwa huo!"

"Ružica," akasema Velizar, kawa mweupe kama unga, "usiende. Tuoane."

Jengo likalipuka. Milango ikafunguka, watu wakapiga makofi, wengine masufuria, Momčilo akapiga mluzi. Mikono yote ikawa kwenye shangwe, hakuna aliyekumbuka kitufe, na taa ikazima kabla mama wa watu hajajibu. Nikaanza kupapasa ukuta kutafuta kitufe.

"Asibonyeze mtu!" Ružica akasema gizani. "Na wewe Velizar, sogea huku."

Nikarudisha mkono mfukoni.