Kundi la Kusubiri

Mpaka leo nikisikia mtu akisema "matokeo yanaonyesha," natamani kumrushia kikombe. Nami nimeyasema maneno hayo mbele ya watu, kwa Kizungu kizuri, na nikapigiwa makofi.

Nilikuwa nimepata ufadhili wa utafiti wa miaka miwili kutoka chuo kimoja cha ng'ambo, mambo ya sera za uchumi na maendeleo. Ofisi yetu ilikuwa Eldoret mjini, juu ya duka la mbolea. Swali tulilopewa lilikuwa hili: mkulima mdogo akiletewa mashine ya kukausha mahindi mpaka nyumbani, je, yataoza machache kuliko ya mwenzake asiyeletewa? Mama yangu angelijibu swali hilo huku akisonga ugali. Lakini jibu la mama halichapishwi, kwa hiyo ilibidi vijiji vigawanywe. Vingine vipate mashine msimu huo, vingine visubiri msimu ujao, halafu tulinganishe.

Kura ilipigwa hadharani, ndani ya kanisa moja kule Turbo, jirani na kwa mama, ili mtu asilalamike kuna upendeleo. Wazee wa vijiji waliokota vikaratasi kwenye kofia. Cha kijiji cha mama kilikuwa cha kusubiri. Watu walishangilia hata hivyo, maana kuambiwa usubiri si kunyimwa. Mama alirudi nyumbani akang'oa nguzo mbili za ua karibu na geti, kwa sababu nilikuwa nimemwambia mashine inavutwa na trekta na geti lake ni jembamba. Nikamwambia ni mapema mno.

"Wacha ikae tayari," akasema. "Hiyo trekta ikikosa mahali pa kuingia, itaenda kwa wengine."

Mvua ya msimu huo ilikataa kuisha. Watu walianika mahindi kando ya lami wingu likifunguka, na kabla hawajamaliza kuyatandaza wakawa wanakimbia tena kuyafunika. Vijiji vilivyopata mashine vilimaliza kukausha mapema, na mashine ikaegeshwa nyuma ya lile kanisa. Ilikaa hapo bure. Nikiwa kwa mama niliweza kuliona bomba lake likitokeza juu ya ua.

Nilimpigia simu profesa aliyesimamia utafiti. Ni mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tukiwakaushia wanaosubiri hatutakuwa na wa kulinganisha nao, na bila ulinganisho wafadhili hawataongeza pesa, na bila pesa vijiji hivyo havitaiona mashine kamwe. Nilishikwa na hasira, kwa sababu hoja hiyo niliisomea na ilikuwa sahihi. Nilinunua turubai mbili mjini nikampelekea mama. Msaidizi wa profesa aliposikia, aliniandikia kuuliza kama nimezitaja kwenye ripoti. Turubai! Za mama yangu!

Wakati wa kuhoji ulipofika, sikuruhusiwa kugusa kijiji cha nyumbani kwa sababu ya undugu. Alipelekwa binti mwingine na tableti yake. Majibu yalipoingia nilidhani kuna hitilafu. Vijiji vya kusubiri vilisema havikupoteza karibu chochote. Kwa mujibu wa tableti, kwa mama mvua haikunyesha.

Nilienda nyumbani, nikafungua stoo. Harufu ilinirudisha nyuma. Mahindi yalikuwa meusi, yameshikana, na mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua yanayofaa na yasiyofaa.

"Mama, ulimwambia nini yule binti wa maswali?"

"Nilimwambia tumevuna vizuri, tunashukuru Mungu."

"Na hii ni nini?"

"Kwani ulitaka nimwambie mahindi imeoza? Mgeni amekuja kwangu, nimempikia chai, nianze kumlilia? Halafu waseme hawa ni wakulima gani, hata kutunza mahindi hawajui, mashine wapatie wengine?" Alitupa gunzi pembeni. "Saa hii ni zamu yetu. Tulikubaliana na majirani, hakuna mtu wa kutuharibia."

Nilimfokea mama yangu mzazi. Nikasema wananitia wazimu, nikaondoka bila kumweleza kitu, nikiamini bado nitarekebisha mambo mjini. Njiani hasira ilihamia kwetu sisi watafiti, na huko ndiko imebaki. Tulikuwa tumekaa siku nzima tukibishana neno gani la Kiswahili linafaa kwenye maswali, "hasara" au "upotevu." Hakuna aliyefikiria kwamba mtu anayesubiri kitu kutoka kwako atajikaza aonekane nadhifu mbele yako. Mimi niliyezaliwa pale sikufikiria.

Nilimtumia profesa picha za stoo. Alijibu kwamba stoo moja ni kisa, si takwimu, tena ni ya mama yangu. Nikaomba turudi tukapime magunia wenyewe. Pesa za kuhoji, akasema, zimekwisha. Basi nikasimama kwenye hoteli moja Nairobi nikasoma kwamba mashine haileti tofauti, maana hata waliosubiri hawakupoteza kitu. Niliongeza kwa mdomo kwamba stoo zilikuwa zimeoza, na mwenyekiti akanishukuru kwa kupendekeza swali zuri la utafiti wa baadaye. Ufadhili wangu uliongezwa. Mashine ilipakiwa kwenye lori ikapelekwa kaunti nyingine.

Wiki jana mama alinipigia simu. Mahindi yamekomaa tena, na mawingu yameanza kukaa vibaya. Ng'ombe wa jirani wanapitia lile pengo la ua na wamemaliza sukuma wiki yake. Alitaka kujua kama mashine iko karibu, ama azibe kwanza.

"Ziba, mama."

"Nizibe kwa sasa ama nizibe kabisa?"

"Kabisa."

Nilimsikia akivuta kiti, akikaa.

"Ni nani alituharibia?" akauliza. "Nani alienda kusema mahindi imeoza?"

"Hakuna, mama," nikamwambia. "Hakuna hata mmoja aliyesema."