Kikapu cha Vitambaa, Timau hadi Nyeri

Niliondoka Timau kwa sababu mke wangu Wangari alikuwa amekufa, na nilitaka kumtupia udongo kwa mkono wangu kabla kaburi halijafunikwa. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipopigana na wapiganaji wa msituni, hilo halikuwa jambo jepesi. Mkikuyu kama mimi hakusafiri bila pasi, na maiti hakungoja wageni. Vijijini watu walizikwa mchana, kabla ya saa za kafyu.

Wengi wenu mlinijua kama mtu wa mashine ya ngano. Ugonjwa wangu hamkuujua. Matumbo yangu yalikata na kutoa damu, yakatulia kwa majuma, kisha yakaanza upya. Daktari wa misheni alisema yana vidonda ndani, akanipa dawa iliyosaidia kidogo, akaniambia nitaishi hivyo hivyo. Wangari peke yake ndiye aliyeyajua yote. Alichana blanketi kuukuu kuwa vitambaa vya kuvaa ndani ya suruali, akavifua mwenyewe majirani wakiwa jikoni. Wanawake wetu waliporudishwa Nyeri, bwana mzungu mwenye shamba alinibakiza mimi kwa ajili ya mashine. Wazazi wangu hawakuwapo tena, kwa hiyo Wangari akapokelewa na mama yake. Tangu hapo nilivifua mwenyewe, vibaya, na madoa yakabaki.

Timau, asubuhi. Nyapara alileta habari kwamba homa ya mapafu imemchukua Wangari na kwamba watamzika siku hiyo hiyo. Bwana akaniandikia pasi, nikatia vitambaa kikapuni, nikapanda nyuma ya lori lililopeleka kondoo Kiganjo. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Tumbo tupu hutulia, au mimi hujidanganya hivyo.

Nanyuki tulipita salama. Tulipokaribia Naro Moru tumbo likakata. Ningaligonga paa la dereva nimwombe asimame. Lakini tulikuwa na akina mama wawili huko nyuma, na lori likisimama kando ya msitu kila mtu alitaka kujua ni kwa ajili ya nani na kwa nini. Nikajikaza, nikashindwa. Mama mmoja akaziba pua kwa leso, akauliza kondoo wa wazungu wanalishwa nini siku hizi. Mwenzake akasema pengine nao wametoka kuhojiwa kambini. Wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Nilikuwa nikienda kumzika mke wangu, nikacheka ili kondoo wabebe aibu yangu.

Kiganjo nilijiosha mtaroni nyuma ya maduka, nikavaa kitambaa kingine, kile kichafu nikakisuuza na kukirudisha kikapuni. Kutoka hapo nilikwenda kwa miguu. Kando ya njia vichaka vyote vilikuwa vimefyekwa ili watu wa msituni wasipate pa kujificha, na mimi pia sikupata. Kila tumbo liliponikamata nilivuka uwanja mtupu hadi kwenye miti michache ya miwati iliyobaki, nikarudi njiani, baadaye nikavuka tena. Kijiji kilikuwa kinaonekana mbele, na kwenye mnara wa lango kulikuwa na watu wakinitazama.

Langoni, jua limeanza kushuka. Kijiji kilizungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na daraja moja la mbao. Walinzi walikuwa wawili: askari polisi, mtu wa magharibi kwa lafudhi yake, na gadi wa kijiji. Pasi yangu ilikuwa sawa. Askari akamwaga kikapu chini, na vitambaa vikaanguka na madoa yao.

"Hii ni ya kufunga nani?" akauliza.

Nikatazama ng'ambo ya daraja.

"Mara unaingia kwa miti, mara unatoka. Sasa uko na bandeji ya damu. Nani ameumia huko?"

"Huyu ni daktari ya msitu, afande," gadi akasema.

Neno moja lingeniokoa. Lakini ng'ambo ya daraja walisimama wanawake waliongoja kumsindikiza Wangari, na mbele yao alikuwa mama yake. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana hata kwa macho. Nikikutana naye njiani nilimpisha. Hakuwahi kuniona nikila, na mambo ya mwili hayakupita kati yetu hata kwa mzaha. Kutaja choo mbele yake kulikuwa sawa na kuvua nguo.

Askari akasema nitapelekwa kambini nikahojiwe, na wenye mazishi waendelee. Nikaona wanaume wakiinama na kuinua machela, Wangari akiwa amefungwa ndani ya blanketi. Hata hapo sikusema kitu.

Mama mkwe akavuka daraja. Kwa Kikuyu angepata maneno ya kuzungukia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu.

"Afande, hii si ya msitu. Hii ni mtoto yangu. Anahara damu, miaka mingi. Msichana yangu ndiye alikuwa anaosha hiyo nguo. Sasa amekufa. Huyu anaosha mwenyewe, na hajui kuosha."

Gadi akasema, "Kumbe ni Jenerali wa Choo," na watu kadhaa wakacheka. Askari hakucheka. Alikiinua kitambaa kimoja kwa ncha ya fimbo, akakiachia.

"Mzee, kwa nini hukusema?"

Nikamwonyesha mama mkwe kwa macho. Askari akamtazama yule mama, akanitazama mimi. Nadhani kwao pia mkwe ni mkwe.

"Ingia," akasema. "Okota vitu vyako."

Kaburini nilitupa udongo kwa mkono wangu. Kisha, kabla ya amina, nikatoka mbio kwenda chooni, na mara hii kila mtu alijua ninakokwenda.

Kafyu ilipokaribia nilipewa nyumba ndogo ya kulala. Ndani nilikuta debe la kujisaidia usiku, lenye majivu, na kifuniko juu. Nyambura, mdogo wake Wangari, alisema ni mama aliyeliweka. Nikamuuliza wamejua tangu lini.

"Tangu mlipooana. Wangari alikuja kumuuliza mama jinsi ya kutoa damu kwenye nguo. Akatuomba tusikuonyeshe kwamba tunajua."

Akaendelea kusema kwamba ndiyo sababu nilipowatembelea nilipikiwa viazi vitupu, kamwe si njahi, chakula cha kumheshimu mkwe. Maharagwe hayo yangeniumiza. Nikakumbuka nilivyokuwa nikimlalamikia Wangari njiani tukirudi, kwamba kwao hawaniheshimu. Naye alitembea mbele yangu bila kunijibu.

Asubuhi yake nilikuta vitambaa vimekunjwa ndani ya kikapu, vyeupe kama siku vilipochanwa. Nyambura ndiye aliyenipa. Mama yake alisimama kando ya njia akiwa amegeuza uso, kama alivyofanya siku zote. Nilishukuru nikitazama chini. Kwa miaka yote niliona uso ule umegeuka nikafikiri ni kwa sababu hajui lolote. Safari ile ilinifunza kwamba aligeuka akijua. Langoni gadi akaniita Jenerali. Yule askari akafungua bila kupekua kikapu.

Karibu na Naro Moru, lori likipanda kuelekea nyumbani, tumbo likakata. Nikagonga paa. Dereva akatoa kichwa akauliza kuna nini.

"Nahara," nikasema. "Simama."

Akasimama. Wote wakanitazama nikishuka, na uso ukaniwaka kama siku ya kwenda. Lakini nilishuka mkavu.