Filamu Zote Alizozitazama Baba

Kila Jumamosi asubuhi mimi huketi mbele ya maikrofoni ya redio moja ndogo hapa Garsen na kuwaambia watu filamu gani watazame na gani wasijisumbue nazo. Wengi wa wasikilizaji wangu hawana mahali pa kuzitazama. Hilo halijawahi kuwazuia kuwa na maoni.

Niliwahi kusifu filamu ya mapenzi ambamo vijana wawili wanatoroka kwa mtumbwi. Mama mmoja akapiga simu kutoka Kau, akauliza kama ndani ya ule mtumbwi mlikuwa na maji. Nikamwambia mlikuwa mkavu kabisa. Akasema basi hao ni waongo, na mapenzi yao nayo nisiyaamini. Mzee wa Chara naye alitaka kujua kwa nini kwenye tamthilia za upelelezi maiti huopolewa mtoni ikiwa na viungo vyote, maana kwao mamba hawaachi hata kiatu. Nikakubali kwamba hapo mwandishi ameteleza, tukaenda kwenye matangazo ya biashara.

Kazi si tamu kama watu wanavyodhani. Meneja anataka mchanganyiko: filamu ya ngumi, tamthilia ya Nairobi, makala ya wanyama, na kitu cha mbali ambacho hakuna aliyekiomba. Bando linaisha katikati ya mauaji, stima inapotea kabla muuaji hajajulikana, nami Jumamosi lazima nizungumze kama mtu aliyeona mwisho.

Mama alipofariki, mwaka juzi, Baba aliwaacha ng'ombe kwa kaka yangu kule malishoni akaja kukaa nami mjini. Sisi ni Waorma. Mzee wa Kiorma kuhamia nyumba ya mabati karibu na stendi ni jambo linalotaka maelezo, naye hakutoa yoyote. Nilidhani atashinda msikitini na wazee wenzake. Badala yake, siku ya kwanza nilipofungua laptopu yangu, alivuta kiti akaketi kando yangu, fimbo mapajani.

Tulianza na tamthilia ya upelelezi kutoka nchi fulani ya theluji. Mwanamke ameuawa, anakuja polisi mmoja, anatazama, anaondoka. Baba akauliza shangazi zake wako wapi. Nikamwambia hawamo kwenye hadithi. Sehemu nane zote hakutokea ndugu hata mmoja, na kwa Baba huo ndio uliokuwa uhalifu wenyewe.

Kwenye tamthilia ya matajiri wa Nairobi aliudhika kwamba kila mtu anamiminiwa chai, anagombana, anaondoka, kikombe kimejaa. Makala ya ndege wa barafuni aliyapenda. Aliwaheshimu wale madume kwa kulinda yai bila kulalamika. Ila kilichomvuruga kweli ni filamu ya wachunga ng'ombe wa Kimarekani. Ng'ombe walikuwa wengi, wamenona, na Baba alinyoosha mgongo kama mtu aliyefika nyumbani. Kisha mwenye ng'ombe akawaacha nyikani akaenda kupigana kwenye baa kwa ajili ya mwanamke. "Na ng'ombe?" Baba akauliza. Filamu ikaisha bila jibu. Wiki nzima alikuwa akiniuliza tena, kana kwamba mimi ndiye niliyewapoteza.

Nikaanza kuyatumia maoni yake hewani, nikimwita mtazamaji mmoja mwenye uzoefu. Haikupita muda watu wakawa wanapiga simu kutoka Idsowe kuuliza yule mzoefu amesemaje. Nilisomea uandishi wa habari, na niseme ukweli, iliniuma.

Lakini kuna kitu sikukielewa. Baba hakukosa hata filamu moja, hata siku ya homa. Kila palipotokea umati wa watu aliinama mbele. Yakija makala yoyote ya Afrika, iwe Mali au Namibia, alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza. Alasiri moja nilikuwa naanza tamthilia ndefu ya wafalme na mapanga, nikaona hii itamchosha bure.

"Baba, nenda kapumzike. Hii si ya kwako."

"Walisema ataonyeshwa," akasema. "Hawakusema wapi."

"Nani?"

"Mama yako."

Ndipo nikakumbuka. Wakati wa ukame mkubwa, kabla mto Tana haujafurika, walikuja nyumbani watu wenye kamera. Mimi nilikuwa kazini hapa Garsen. Waliongea na Mama asubuhi nzima, wakamwambia ulimwengu wote utamwona, wakapanda gari lao wakaenda. Nilihadithiwa, nikacheka, nikasahau. Baba hakusahau.

"Nataka kusikia sauti yake," akasema, kama mtu anayeomba chumvi.

Sauti ya Mama hatukuwa nayo popote. Simu aliiona kitu cha kupigia kelele kisha kukata. Ujumbe wa sauti aliojaribu kumtumia kaka yangu ulikuwa kwenye simu iliyochukuliwa na mafuriko. Basi Baba alikuwa amemtafuta kwenye kila kilichofunguliwa mbele yake: kwa wapelelezi, kwa matajiri, kwa ndege wa barafu. Msimdhanie mjinga. Nilipomuuliza Mama angefanya nini huko kwenye theluji, alinitazama kwa huruma. "Nikipoteza ng'ombe naingia kila boma," akasema, "hata la mtu nisiyempenda."

Nilikasirika. Niliwakasirikia wale watu wa kamera, nikamkasirikia yeye pia. Anaishi na mtu ambaye kazi yake ni filamu, miezi yote hiyo, na anashindwa kuuliza.

"Ulikuwa na kazi," akasema.

Nikaanza kutafuta. Aliyewaongoza wale wageni hakukumbuka majina yao, alikumbuka tu kwamba walikula sana ndizi. Nikaandika kwa Kiingereza neno ukame, neno Tana, neno wafugaji, nikatazama makala mabaya ambayo simwombei hata adui yangu. Hatimaye niliyapata kwenye mtandao mmoja wa kulipia. Jina lake lina neno "mwisho", kama kawaida.

Tuliyatazama baada ya sala ya alasiri. Nikaunganisha kispika changu kidogo ili Baba asikie vizuri. Kama mhakiki nitatenda haki: picha ni nzuri, mto umepigwa picha kutoka angani, unameta. Muziki wa huzuni unaanza kabla hatujaambiwa shida ni nini. Mizoga ni mingi kuliko watu, na watu hawana majina. Hayo niliyasema hewani baadaye na bado nayasimamia.

Kisha Mama akatokea. Ameketi nje ya nyumba yetu na ule mtandio wake wa manjano. Akafungua mdomo, na kwa lugha yetu akasema, "Na wewe hapo," na papo hapo sauti nzito ya mwanamume ikamwangukia kwa Kiingereza, ikamfunika. Nilikuwa nimeshaanza kulia.

"Anasema nini huyu?" Baba akauliza.

"Anatafsiri. Anasema Mama amesema hatuna tumaini tena. Tunangoja kufa tu."

Baba akatazama kioo cha laptopu, akanitazama. "Hakusema hivyo. Nilikuwepo. Rudisha."

Nikarudisha. Mama akasema, "Na wewe hapo," na yule mwanamume alipovuta pumzi tu, Baba akakinyakua kile kispika, akakiviringisha ndani ya kikoi chake, akakikandamiza mapajani kwa mikono miwili. Chumba kikawa kimya. Mama akaendelea kuongea bila sauti, na sasa nikaona kile nilichokosa mara ya kwanza. Haongei na kamera. Amegeuza uso pembeni, amenuna kidogo, na kidole chake kinamwonyesha mtu ambaye hayumo kwenye picha.

"Anaongea na nani?"

"Na mimi. Nilikuwa nimesimama kivulini, nashangaa mashine ya watu."

"Anakwambiaje?"

"Anasema, na wewe hapo, unakodolea wageni macho, yule ndama umemnywesha maji?"

Nikacheka na machozi yangu, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa Mama, si yule wa tumaini lililokwisha. Nikamuuliza alimjibu nini.

"Sikumjibu. Kulikuwa na wageni, niliona haya. Nikaenda tu zangu." Akafungua kikoi, akakiweka kispika mezani taratibu. "Rudisha tena."

Nikarudisha. Baba akayasikiliza yale maneno machache ya Mama, akakiviringisha kispika tena, akamwacha aseme mpaka akamaliza na midomo yake ikatulia. Kisha akainama karibu na kioo.

"Nimemnywesha," akamwambia. "Amekunywa vizuri."