Pikipiki Yangu na Ekzosi ya Mtu Mwingine

Nilisikia pikipiki yangu ikirudi nyumbani na sikujua kuwa ni yangu. Ilikuwa Ijumaa, jua linakaribia kutua, nami nilikuwa jikoni namalizia chakula cha Sabato ili kesho yake nisiwashe moto. Kutoka kule chini mtoni ukapanda mlio kama wa mabati yanayopasuliwa. Mama mkwe wangu, ambaye tangu apooze upande mmoja hulala chumba cha mbele karibu na dirisha, alishtuka akaanza kulia. Nikatoka mbio na mwiko mkononi, nimejiandaa kumtukana huyo mpumbavu anayepita. Mpumbavu hakupita. Aliingia kwetu, akazima injini, akavua helmeti. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

Nasema pikipiki yangu kwa makusudi. Niliinunua kwa bonasi ya chai niliyochuma kwa mikono hii, nikajifunza kuiendesha huku wanaume wa bodaboda wanaongoja abiria kwenye steji ya Ekerenyo wakinicheka, na ndiyo inayobeba ndizi zangu mpaka sokoni Kisii. Shemeji alikuwa ameniomba ili aende kumzika rafiki yake upande wa Nyamarambe. Nilimpa bila maneno mengi. Msiba ni msiba.

"Ekzosi yangu iko wapi?" nilimuuliza.

"Shemeji, hii ni nzuri zaidi. Hata nguvu imeongezeka."

"Nimekuuliza yangu iko wapi."

Nikainama kuangalia mwenyewe. Ekzosi ya pikipiki kama yangu ni bomba moja: linatoka kwenye injini, linapinda, linakwenda nyuma hadi kwenye silensa inayomeza kelele. Yeye alikuwa amelikata kwa msumeno hapo nyuma tu ya kona, tena mshazari, akachomeka silensa fupi, nene, isiyomeza chochote. Mdomo wa silensa hiyo ulikuwa mpana kuliko bomba langu. Pengo alikuwa amelijaza vipande vya mkebe wa mafuta ya kupikia, akafunga kwa waya. Kwa waya! Na ile yangu nzima, isiyo na hata kutu, ilikuwa imeshachukuliwa na mtu wa vyuma chakavu.

Mume wangu alitoka nje, akatutazama mimi na mdogo wake, akasema, "Sabato imeingia. Tuyaache hayo mpaka kesho kutwa."

Kwa hiyo nikakaa na hasira yangu usiku ule na mchana wote uliofuata. Nilikwenda nayo kanisani. Nikaimba nayo. Watu walinisalimia kwa furaha nami nikawajibu kwa furaha, na sikumbuki hata fungu moja lililosomwa.

Jumapili asubuhi nilipakia ndizi kwa sababu mteja wangu wa Kisii hangojei mtu. Kila nyumba niliyopita, watu walitoka kuangalia ni kijana gani huyo asiye na adabu, wakakuta ni mimi. Mzee mmoja alinitikisia kichwa. Nilipofika kwenye mlima wa kuingia mjini, waya ukalegea, vile vipande vya mkebe vikachomoka, na hewa ya moto ikatoka kwenye pengo ikanipiga shavu la mguu. Nilipiga kelele lakini hakuna aliyenisikia kwa sababu ya hiyo hiyo ekzosi. Chane za ndizi za upande ule zilikuwa zimekuwa nyeusi kana kwamba zimebabuliwa mekoni.

Nilipomaliza sokoni nikachechemea mpaka duka la spea. Nilimweleza muuzaji kwamba bomba langu limekatwa, kwamba nataka silensa ya kawaida, iliyo kimya, na kwamba ni lazima apime kwanza.

"Itaingia tu, mama. Hizi zote ni moja."

"Nimekwambia upime."

"Mama, nimeuza hizi miaka mingi."

Hakupima. Nami mguu ulikuwa unawaka, nikaichukua. Nilipoijaribu kando ya barabara, bomba lilicheza ndani yake kama kidole ndani ya kikombe. Nikarudi dukani. Akasema kitu kikishatoka dukani hakirudi. Nikamwendea fundi aliyekuwa jirani hapo. Aliitazama pikipiki, akaitazama silensa, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Mwambie mzee aje tuongee."

"Mzee gani?"

"Mwenye pikipiki."

Nilimtazama mpaka akaanza kutafuta spana ambayo hakuwa anaihitaji. Nikaifunga silensa mpya nyuma kwa kamba ya ndizi, nikarudi kwetu na ule mlio wote, nikilia njiani. Sikulia kwa maumivu.

Shemeji alikuwa anakata nyasi za ng'ombe. Nikamwita. "Leta ule msumeno uliokatia bomba langu. Leo tutaonana."

Alikuja. Sikumpa nafasi ya kusema lolote. Nilitoa ile silensa ya makelele nikaitupa kwenye majani, nikamwambia anyooshe kwanza mahali alipokata mshazari, akakata upya na kulainisha kwa tupa hadi mdomo ukawa sawa. Nyuma ya choo palikuwa na kitanda cha chuma kilichovunjika. Nilijaribu mguu wake mmoja: bomba langu lilipita ndani yake kwa kubana, na wenyewe ukaingia ndani ya silensa mpya karibu sawasawa. Tukakata kipande cha urefu wa kiganja, tukakipasua pande zote mbili ili klempu, vile vibano vya chuma nilivyonunua pamoja na silensa, ziweze kukikaza, tukapaka gundi ya ekzosi inayostahimili moto. Kila alipokosea nilimnyang'anya msumeno. Kila nilipochoka aliuchukua bila kuniangalia.

Tulipofika kwenye kushikiza silensa kwenye fremu, matundu hayakukutana. Nikaenda kung'oa bawaba ya geti la zamani, chuma bapa chenye matundu yake. Nilikuwa nimekishika naye anafunga bolti, ndipo akasema huku ameinamisha kichwa, "Ile nyingine usiitupe, shemeji. Ilikuwa yake."

"Ya nani?"

"Ya yule tuliyemzika."

Akanieleza. Rafiki yake aligongwa na lori, na pikipiki ikasagika yote isipokuwa ekzosi. Waendesha boda wenzake wakasema ni lazima marehemu afike kwao kwa mlio wa pikipiki yake mwenyewe. Kila mmoja alikataa bomba lake likatwe. Ndipo wakaitazama yangu, kwa sababu mwenyewe hakuwepo.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

Akazungusha spana mara mbili. Kisha akasema, "Tulitangulia mbele ya gari la maiti. Mama yake alisikia tukiwa bado mbali. Alitoka mbio mpaka barabarani, amefungua mikono. Alidhani ni yeye anakuja."

Spana ilikuwa imesimama mkononi mwake. Nilihisi hasira ikinipanda upya, mpya kabisa, na safari hii haikuwa ya bomba.

"Mlimfanyia mama wa watu hivyo? Mkamkimbiza barabarani kumpokea mtoto aliye ndani ya sanduku?"

"Tulitaka kumpa heshima."

"Heshima gani hiyo?"

Alianza kulia, mtu mzima mwenye ndevu, na kutoka ndani nilimsikia mama mkwe akiuliza kuna nini. Sikumbembeleza. Nilikuwa nimeshikilia chuma na kama ningekiachia silensa ingeanguka. "Kaza hiyo bolti," nikamwambia. Akaikaza.

Injini ilipowaka ilitoa sauti yake ya zamani, na kijimlio chembamba cha hewa pale kwenye kiungo ambacho mpaka leo hakijaisha. Nikamwambia aichukue ekzosi ya rafiki yake, aifunge kwenye gunia, asiifunge kwenye pikipiki ya mtu yeyote, apande gari, aende akae na yule mama na amwombe msamaha. Alikwenda siku ya soko iliyofuata. Alirudi jioni mikono mitupu, akapita moja kwa moja nyumbani kwake. Hakuniambia alichoambiwa huko nami sikumuuliza.

Baadaye aliniomba pikipiki tena, ana shughuli kwenye ofisi za Kenyenya. Nikamwambia hapana. Mume wangu alisema nina moyo mgumu, kwamba kijana alishajuta na mambo yalishakwisha. Nilimwonyesha kovu la mguu wangu, nikaendelea kupakia ndizi.