Asali Yenye Mabawa ya Nyuki

Mama yangu hakuwahi kuisifu asali yake. Ilishushwa kutoka milimani kwenye madumu, naye aliimimina katika chupa na kuacha vipande vya nta na mabawa ya nyuki vikielea juu. Wateja wa soko letu hapa Uvira waliangalia kwanza hayo mabawa, kisha wakalamba tone moja mgongoni mwa mkono, ndipo wakanunua. Mama hakuwa na tangazo jingine.

Jirani yetu wa mtaa wa Songo, mgonjwa wa sukari, alimbembeleza kila mara amuuzie. Mama alimkatalia.

"Weye iko na sukari, dada. Nikikuuzishia hii, njo nimekuua."

Kisha mfanyabiashara mmoja akaweka meza mkabala na yake. Chupa zake zilimeta, zimebandikwa etiketi za rangi, na kipaza sauti chake kilipiga kelele tangu asubuhi: asali inayoponya sukari, tansyo, yaani presha ya damu, na utasa, jihadharini na asali chafu ya wale wamama! Ilikuwa maji ya sukari yaliyochemshwa na kutiwa asali kidogo. Mama aliionja akatema. Lakini wateja walihama, hata wale waliosherehekea harusi zao kwa asali yetu.

Mimi ni mwalimu, na sisi walimu tuna ugonjwa wetu wa kuamini karatasi. Niliandika barua kwa ofisi ya serikali inayosimamia biashara. Nikaeleza kwamba sheria inakataza kudanganya wanunuzi na kuichafulia jina bidhaa ya mwenzako. Kwa ujinga wangu nikaongeza: njooni mlinganishe na ya mama yangu.

Walikuja maofisa wawili, na kweli walianzia kwa mama. Mmoja aliinua chupa juani.

"Mama, hii iko bila etiketi, iko bila dati ya kuisha, tena iko na badudu ndani."

"Ni mabawa ya nyuki, baba. Kwa hayo njo bantu banajua kama ni ya kweli."

"Mwenzako iko na makaratasi yote."

Walibeba chupa zote za mama, wakamkataza kuuza sokoni mpaka ajirekebishe. Upande wa pili walisoma etiketi tu, wakaagana na yule mtu kwa kupeana mikono. Hakuna aliyeonja. Nilisimama pale na nakala ya barua yangu mfukoni, nikitamani ardhi inimeze.

Mama hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Nyumbani alichuja dumu la mwisho kwa kitambaa cheupe, mabawa yote yakabaki kitambaani. Akanisogezea karatasi.

"Andika sawa na etiketi ya ule wa sokoni. Weye iko na mwandiko muzuri."

"Yote, mama?"

"Yote."

Niliandika kwamba inaponya sukari, tansyo na utasa. Nilipiga hata mstari chini yake.

Siku ya tatu yule jirani yetu mgonjwa aliingia uani, tulikopanga chupa za kuuza, akachukua chupa, akaisoma polepole kwa midomo. Uso wake ulijaa furaha ambayo sitaisahau.

"Kumbe inaponyesha, na ulikuwa unanikatalia! Ni kweli, dada?"

Nilimwangalia mama, nikiomba moyoni akatae kama zamani. Yeye aliinama, akakaza kizibo.

"Soma pale," alisema, na mimi niliyeandika sikufungua mdomo.