Ubugu wa Jirani

Shamba letu la Wawi alituachia baba, na mikarafuu yake ilikuwa mizuri mpaka ubugu, mmea wa kutambaa, ulipoiparamia. Shina lake lilikuwa nene kama paja la mtu mzima, gumu kama mti. Liliota kwa jirani, likapanda mfenesi wake, kisha likavuka hadi kwangu na kuifunika mikarafuu kama paa.

Kila nikitoka nyumbani Madungu nilifyeka upande wangu. Nikirudi, umechipua tena. Dawa ilikuwa kukata shina, na shina lilikuwa kwa jirani mwenyewe, mjane aliyekua pamoja na mama yangu.

"Bi mkubwa, nakuomba niukate huu ubugu. Mikarafuu yafa."

"Kata wa kwako, mwanangu. Wa kwangu uwache. Wanangu wote wamepembea hapa."

Wanawe wako Unguja na Maskati, watu wazima wenye ndevu. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Nikamleta sheha, mkubwa wa mtaa, atuamue. Naye akatazama juu, akasifu kivuli, akanywa chai, akatuambia tusikilizane. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Msimu wa kuchuma, mchumaji wangu alipanda mkarafuu mkubwa kuliko yote, akakwama katikati ya majani ya ubugu, akashuka. "Huu siupandi," akasema. Karafuu zikachanua huko huko juu, zikaharibika.

Masika yalipokuja, mkarafuu ule ukavunjika. Haukwenda peke yake. Ubugu uliofungamana nao uliuvuta mfenesi, na tawi lake zima likashukia jiko la Bi mkubwa. Mwenyewe, alhamdulillahi, alikuwa barazani akichagua mchele.

Akanipigia simu.

"Mkarafuu wako umenivunjia jiko. Njoo uutoe."

"Wangu?"

"Kwani si wako?"

Nilikata kutwa nzima, mikono ikatoka malengelenge. Nilipofika kwenye shina la ubugu sikuomba ruhusa. Alisimama mlangoni akinitazama. Lilipokatika, alikuja akapapasa mahali palipolainika kwa kushikwa.

"Hapa yule mdogo aling'oka jino," akasema. "Hakulia."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu asubuhi, makali yote. Nikayaacha, na hilo likaniudhi kuliko jiko, kuliko karafuu. Nikaokota panga nikaendelea kukata matawi yaliyolala juu ya jiko, huku tukibishana nani atoe makuti ya kuliezeka.