Neno Lililomezwa na Mshono

Fundi alikuwa na namna yake ya kushika maandiko. Aliandika mstari kwa chaki upande wa ndani wa nguo anayoishona, akawa anausoma huku cherehani ikikimbia, na akimaliza kazi anaufuta kwa kiganja. Ndivyo alivyovuka ugonjwa wa mumewe, kisha ujane: kwa vipande vya Neno, gauni kwa gauni. Ila akisimama mbele za watu, vyote viliyeyuka.

Wifi yake, dada wa marehemu, hakuijua shida hiyo. Kanisani walimwita Redio. Ukimgusa tu anafululiza sura nzima bila kumeza mate. Siku ya akina mama ilipohitaji mtu wa kutamka sura ya upendo kwa moyo, Fundi aliinua mkono nusu. Redio akachaguliwa. Fundi alipiga makofi na wenzake, roho ikimuuma.

Na kitambaa cha gauni la siku hiyo kikaletwa kwake.

"Unipendezeshe, wifi. Nikisimama pale watu waseme, hee!"

Fundi akaandika mistari ya sura ile kwa chaki upande wa ndani, akaanza kushona. Alipofika kiunoni, akaingiza mshono inchi nzima. Futi haikukosea, mkono ulikusudia. Tuone atapumulia wapi. Kisha akalikunja upesi upesi, hata kufuta chaki akasahau.

Ijumaa Redio akaja kulijaribu. Akavuta tumbo, akajinyonganyonga, zipu ikagoma.

"Jamani! Juzi tu umenipima, nimenenepa lini?"

"Mikate hiyo, wifi."

Redio akalivua, akaligeuza. "Kumbe na wewe unajifunza sura yangu! Upendo huvumilia... upendo hau... Hapa mshono umemeza. Hau nini?"

Sura yangu! Fundi alitamani kumpokonya gauni. Lakini neno lenyewe, lililokuwa likimponyoka kila siku, sasa lilimkaa ulimini na halikutaka kushuka.

"Hauhusudu," alisema. Akalisikia. "Wifi, hujanenepa. Nimelibana mimi. Makusudi."

Redio akalitupa gauni juu ya meza. Fundi akachukua wembe, akaanza kufumua. Nyuzi zilikatika mmoja mmoja, herufi za chaki zikachungulia.

"Kwa ajili ya ile sura?" Redio aliuliza.

"Kwa ajili ya ile sura. Na bado inaniuma, nisikudanganye."

Redio akavuta kigoda, akakaa.

"Fumua polepole, usinichanie kitambaa. Na hiyo chaki usifute." Akaguna. "Nikikwama mbele za watu, wewe ndiye utakayeniambia hau nini."